Marehemu Bernadeta Malimi, Aliyelima Juu ya Mawe (1942–1998)

Hapana, Ndalahwa, hilo siliandiki hata mlete jeshi. Odeta ni mtoto wa tumbo langu. Nilimzaa mimi, Suzana, pale Busisi mwaka 1978, na mkunga yuko hai, aulizwe. Marehemu alikuwa mama yake mdogo, na katika karatasi hii ataandikwa hivyo hivyo.

"Shemeji, tunazika leo saa tisa," anasema Ndalahwa. Huyu ni mwalimu, mdogo wake Mashimba aliyefiwa na mke, na ndiye anayesubiri kupeleka karatasi kwa mpiga taipu. "Kaka ameomba jambo moja tu. Odeta asomwe kama mtoto wa marehemu. Marehemu hakujaliwa mwingine."

"Na mimi nimejaliwa wa kike wangapi? Huyo huyo. Kaa kwenye kigoda, mwalimu. Wasifu wa mdogo wangu nitauandika mimi, kwa herufi nilizookota kwenye kisomo cha watu wazima. Tukifika kwenye watoto tutagombana tena."

Haya. Marehemu Bernadeta Malimi alizaliwa tarehe 3 Februari 1942 kijijini Busisi, mtoto wa pili wa mzee Malimi Chenge na mama Nyamizi. Asubuhi ile kiboko alitoka ziwani akaingia shambani kwa mama, akala mahindi yote na maboga yote, akabakiza boga moja. Mama, akiwa na uchungu, alimfukuza kwa mwiko mpaka majini. Kisha akarudi akajifungua, akalipika lile boga, na mbegu zake akazifunga kwenye kitambaa cha mtoto. Wanaosema naongeza chumvi hawakuwapo. Mimi nilikuwa na miaka minne, na yule kiboko alinitazama usoni. Tangu siku ile kila kizuri pale nyumbani kilikuwa cha Bernadeta. Hata kiboko alimbakizia! Nilipozaliwa mimi, sikusikia kwamba kuna mnyama aliyenibakizia kitu.

Marehemu alisoma shule ya misheni kuanzia Januari 1951 hadi Desemba 1954, akamaliza darasa la nne. Mimi sikusoma. Umri wangu wa shule ulipofika, yeye ndiye aliyekuwa mgongoni mwangu, na baba alisema mtoto haendi darasani na mtoto. Umri wake ulipofika, mgongo wake ulikuwa mtupu, akaenda. Huko alifundishwa kupanga matuta na kuozesha majani yawe mbolea. Akirudi jioni alikuwa akichora herufi kwenye majivu ya jikoni na kuniambia, "Dada, hii ni S. Hii ndiyo wewe." Nilikuwa nikizifagia. Kufagia jiko ndiyo kazi niliyopewa, nami niliifanya vizuri sana.

Tarehe 22 Julai 1961 marehemu alifunga ndoa na Ndugu Mashimba Luhende wa Ilemela. Ukweli ni kwamba Mashimba alikuja kuniangalia mimi. Alikaribishwa ugali na majani ya kunde yaliyokaushwa, akala, akaramba vidole, akauliza, "Nani kapika?" Nani wa kudanganya mbele ya baba? Mpaka leo Mashimba anashikilia kwamba alifika kutafuta mbuzi wa kununua. Mbuzi hakununuliwa. Aliondoka na ahadi ya mpishi, na mimi niliolewa mwaka uliofuata na mwanaume mwema ambaye hakuwahi kuuliza nani kapika.

Kuanzia Machi 1976 marehemu alikuwa mpishi wa kantini katika kiwanda kimoja cha nguo Nyakato, ambako mumewe naye alikuwa fundi wa mitambo. Tarehe 30 Juni 1994 wote wawili walipunguzwa kazini. Mnaikumbuka miaka ile, kila nyumba alikuwamo aliyepunguzwa. Wenzake waliingia kwenye mitumba, wengine wakafungua magenge. Bernadeta alipanda juu ya mawe. Nyumba yao mnaijua ilivyo, kule hata mbuzi hushuka kwa kushikwa mkono. Alibeba udongo kwa ndoo kutoka bondeni, akaujaza katikati ya mawe, akauzungushia kingo za kokoto usikimbie. Wakati huo gugu maji lilikuwa limeziba ufuko, wavuvi wanalilaani mchana kutwa. Yeye alilivuta kwa reki, akalianika, akaliozesha pamoja na majivu na samadi. Majirani walisema atawaua watu kwa sumu. Baada ya miezi miwili walikuwa wakibisha hodi na ungo.

Sitaki kumsifu, lakini sumu ile ilikuwa na nguvu. Boga lake moja lilinasa kati ya majabali mawili, likakua mpaka jabali moja likasogea, Mashimba akalazimika kuhamisha mlango wa choo. Ndalahwa anatikisa kichwa. Tikisa, mwalimu. Mlango umehama au haukuhama?

Na mapishi. Ndege zilipita juu ya bustani yake zimebeba minofu ya sangara kwenda Ulaya, naye chini anachemsha mapanki, yale mabaki ya kichwa na mifupa ambayo viwanda vilituachia. Aliyachemsha polepole, akachambua nyama kwa vidole, akaitwanga na karanga, akatia nyanya chungu na matembele, na nyumba nzima ikashiba. Maji ya kuoshea mboga yalikwenda kwenye matuta. Maganda yalikwenda shimoni, majivu yakanyunyizwa kwenye majani kufukuza wadudu. Hakuna kilichotupwa katika nyumba ile isipokuwa maneno yangu.

Sasa nitasema jambo lililoniuma. Mume wangu alifariki mwaka 1988, na Odeta, kitinda mimba wangu, nilimpeleka Ilemela akasome. Alikuwa na miaka kumi. Likizo ya kwanza alirudi akisema "mama mdogo hivi, mama mdogo vile". Likizo ya pili ikawa "mama wa Ilemela". Likizo ya tatu alionja mboga yangu, akaweka tonge chini.

"Mama huweka karanga," akasema.

"Mama yupi?"

"Mama."

Mimi niko mbele yake, mwiko mkononi!

Mwaka 1995 nilivuka na kivuko nikaenda kujionea. Nilipoona mapanki sufuriani nilisema, ili mtoto asikie, kwamba kwetu hicho ni chakula cha mbwa. Odeta alijibu huku anatafuna, "Basi mama, sisi mbwa tumeshiba." Bernadeta alimkemea. "Mwombe radhi mama yako." Akaniomba. Radhi niliyoombwa kwa amri ya mdogo wangu ilinikaa kooni kuliko mwiba wa sangara.

Kwa hiyo mwaka uliofuata, mwezi wa Mei, nilifanya lile ambalo baadhi yenu mmelisikia kwa upande mmoja tu. Marehemu hakuwahi kununua mbegu dukani. Aliacha michicha bora kuliko yote bila kuchumwa, ikapanda juu, ikatoa vichwa, ikakauka. Hiyo ndiyo ilikuwa mbegu ya mwaka mzima. Siku hiyo alikuwa kanisani. Niliikata yote kumi na miwili, nikaipika na karanga, nyingi, ili Odeta aone kwamba na mimi najua. Ilikuwa migumu kama kamba za katani. Odeta alitafuna mpaka machozi yakamtoka. Bernadeta alirudi, akatazama tuta tupu, akatazama sufuria, akaketi, akala sahani nzima.

"Dada," akasema, "karanga umezikaanga vizuri."

Ningependa angenitukana.

Mwezi wa Agosti alikuja Busisi, viatu mkononi, vumbi mpaka magotini. "Shikamoo, dada." "Marahaba." "Nimekuja kuomba mbegu ya mchicha. Najua unayo." Alijua, kwa sababu nilikuwa nimemwibia yeye mwenyewe miaka mingi nyuma, nikaifunga kwenye pindo la kanga. Nikamwambia, "Nirudishie mtoto, nikupe mbegu."

Hapo ndipo nilipomwona mdogo wangu akilia, mara ya kwanza tangu nilipomshusha mgongoni. Alilia kidogo, akajifuta, akasema, "Dada, mtoto ni wako. Sijawahi kusema vinginevyo." Nikampa mbegu, kiasi cha kibiriti kimoja. Wiki iliyofuata Odeta alishuka kwenye kivuko na sanduku lake. Alikuwa na miaka kumi na minane, na alikaa nami mpaka alipoolewa Geita mwaka 1997. Alinipikia kila siku. Kila siku jiko langu lilinukia chakula cha Bernadeta. Kwenye harusi mimi nilikaa kiti cha mama. Marehemu alikuwa nyuma ya nyumba, anageuza pilau.

Mvua za Elnino zilipokuja mwishoni mwa mwaka ule, ziliufagia udongo wote wa bustani mpaka ziwani. Marehemu alianza upya na ndoo yake. Tarehe 14 Machi 1998 alianguka kwenye matuta, presha ikawa imempanda, akapooza upande wa kuume. Nilihamia hapa kumuuguza. Alipanda bamia kwa mkono wa kushoto, ameketi chini, mimi nikimchimbia vishimo. Nikimlisha alikuwa akisema kwa nusu ya mdomo, "Dada, karanga zimeungua." Zilikuwa zimeungua kweli.

Miezi ile nilikaa na majirani zake, na niliwauliza mmoja mmoja, kwa ujanja, alikuwa akimwitaje Odeta nilipokuwa sipo. Nilitaka nisikie kwamba alisema "mwanangu". Ningesikia hivyo mara moja tu, chuki yangu yote ingepata miguu ya kusimamia. Wote walijibu kitu kimoja: "Alisema, huyu ni mtoto wa dada yangu." Kwa miaka minane alimwogesha, akamshonea sare, akamfundisha kusonga ugali usipate madonge, na hakujipa hata hilo neno moja. Wala halikuwa la kununua.

Marehemu alifariki dunia nyumbani kwake Ilemela siku ya Jumatano, tarehe 11 Novemba 1998, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na sita. Nilikuwa nimemshika mkono ule mzima.

Mungu ampokee Bernadeta na ampe pumziko, lakini ampe na kipande cha ardhi, maana kukaa bure hakukujua. Ndalahwa anasema sala huwekwa mwisho kabisa. Naiweka hapa, kwa kuwa mwisho wenyewe sijui utakuwaje.

"Tumefika kwenye watoto, shemeji," anasema.

"Nimeona. Sijapofuka."

"Niandike nini?"

"Kalamu ninayo mimi."

Marehemu ameacha mume, Mashimba Luhende. Ameacha shemeji, Mwalimu Ndalahwa, asiye na subira. Ameacha dada mmoja, Suzana, aliyemwonea wivu tangu alipozaliwa na hajamaliza. Na ameacha

Ngoja. Kuna watu wanapisha njia mlangoni. Ni Odeta, kivuko cha asubuhi kimemfikisha, mtoto mgongoni, kanga imelowa. Hajamsalimia mtu. Amepita kati ya wanawake waliokaa mkekani, amenipita na mimi, amefika kwenye jeneza, ameweka mikono yote miwili juu yake.

"Mama!" ameita. "Mama!"

Wanawake wote wamenigeukia mimi, wanangoja niitike. Nimerudi kwenye karatasi, na mbele ya "ameacha" nimeandika: mtoto mmoja, Odeta.