Msiba wa Kwenda Visiwani

Benchi letu liko pale Soni sokoni, mahali malori yanapopoza injini kabla ya kupanda Lushoto. Mwaka ule wa matuta, serikali ya Mwingereza ilipowalazimisha watu wazima na ndevu zao wachimbe matuta mlima mzima eti udongo usikimbie, benchi lile ndilo lilikuwa mahali pekee pa kupumzisha kiuno. Mimi nauza mapeasi, na watu huniita Ndimu kwa sababu ya mdomo wangu, nami sijali. Kahawa ilikuwa ya Mzee Dele. Wakaaji wengine walikuwa Nikodemo Wakili, aliyepata jina hilo baada ya kuwa shahidi kwenye kesi ya mbuzi, na Hezekia Injinia, aliyewahi kumbebea vigingi Mzungu mpima ardhi. Wa nne, ukimwacha mwenye kahawa, alikuwa Selemani, muuza kabichi, mtu mpole kiasi kwamba hata jina la utani lilikataa kumkaa.

Asubuhi hiyo Selemani akaja bila kabichi.

— Jamani, akasema, nimealikwa.

— Harusi ya nani? akauliza Wakili.

— Si harusi. Taniboi wa lori la Mombo kaniletea salamu za shemeji yangu, Mbwana, yule nahodha wa Pangani aliyemwoa dada yangu Zuhura. Chombo chake kimekwisha kutengenezwa, na kabla hajaanza kubeba mizigo anataka niende na rafiki zangu, tuzunguke visiwani.

— Mkabebe nini huko?

— Hatubebi kitu.

— Mkauze nini?

— Hatuuzi.

— Kuna mgonjwa?

— Wote wazima. Anasema tutembee tu. Tuanzie Maziwe, twende Pemba, upepo ukikubali tufike Mafia. Tukichoka tunalala. Tukiamka tunakula samaki.

Mzee Dele akaacha kumimina kahawa. Kwetu mtu haondoki hivi hivi. Unaondoka kwa sababu ya msiba, harusi, kesi, ugonjwa au biashara. Ukiondoka bila sababu, jioni hiyohiyo watu wanauliza umegombana na nani.

— Shemeji yako huyo, akasema Wakili, ana akili timamu?

— Timamu kabisa. Ndivyo wanavyofanya watu wa pwani.

— Mimi sikatai kwenda, akasema Injinia. Lakini kisiwa nakijua, na hakuna cha kwenda kutazama. Kisiwa ni mlima, na bonde lake limejaa maji. Basi! Hapa tulipo, ukilijaza maji bonde la Mombo, Soni ni kisiwa. Na Bumbuli kisiwa. Mgwashi kisiwa.

— Ala! Kwa hiyo sisi ni watu wa visiwani?

— Tangu zamani. Maji tu ndiyo yamechelewa.

— Basi tukae hapahapa tungoje mvua, nikasema mimi. Nauli ya nini?

— Wewe Ndimu nyamaza, hujawahi kupima kitu.

Mzee Dele aliwahi kufika Tanga, akakaa siku moja, na tangu hapo hakuna aliyeruhusiwa kuisemea bahari mbele yake.

— Bahari ina matuta, akasema.

— Matuta?

— Matuta, wallahi! Moja nyuma ya jingine, yamepangwa vizuri kuliko ya kwako wewe Nikodemo. Watu wanayaita mawimbi. Mimi nilisimama pale bandarini nikasema, haa, kumbe Mwingereza alianzia huku.

Injinia akapiga paja. — Sasa nimeelewa! Maji yangeachwa bila matuta yangeteremka yote mpaka Bara Hindi. Ndiyo maana maji ya bahari hayaishi!

— Nani anayachimba? nikauliza.

— Samaki. Huoni wana mapezi? Unadhani yale ni ya kujipepea?

— Kwa hiyo, akasema Wakili, na uso wake ulikuwa umeingiwa na wasiwasi, tukifika kule na mikono yetu mitupu, si tutapewa majembe?

Nilitaka kucheka, ila nami nilishaanza kujiona nimesimama majini hadi kifuani, nachimba wimbi, na jumbe wetu, msimamizi wa matuta, yuko ufukweni anapiga filimbi.

Selemani ndiye aliyeturudisha.

— Jamani, mimi hayo ya matuta sijui. Mimi nataka kumwona dada yangu. Tangu siku aliyoolewa sijamtia machoni. Mama ndiyo usiseme. Kila jioni ananiuliza kama huko pwani wanapata maharage. Nitamjibu nini? Kila nikitaka kwenda sipati sababu. Zuhura anajifungua salama, mumewe mzima, watoto wazima, hakuna anayekufa. Sasa mtu utakwendaje?

Kusema kweli iliniuma. Mtu amenyimwa dada yake na afya njema!

— Na jumbe hatakupa ruhusa ya kuacha matuta eti ukatembee, akasema Injinia.

— Jumbe anatoa ruhusa kwa msiba, akasema Wakili. Akanywa kahawa yake polepole, kama alivyokuwa akifanya siku ya kesi ya mbuzi. — Basi tutafute msiba.

— Tutafute?

— Afe mtu. Si kufa kweli. Afe kwa maneno.

— Nani sasa?

— Kisheria, anayefaa kufa ni yule aliye mbali zaidi, ili asije akapinga. Nani yuko mbali?

Wote tukamtazama Selemani.

— Hapana, akasema. Hapana, hapana! Shemeji ndiye aliyenialika!

— Ndiyo vizuri. Tukifika tu, tunamfufua.

— Jamani, mtu anatualika kula samaki wake, sisi tunamuua?

— Tunamuua siku mbili! Mbona unakuwa mchoyo?

— Afe nyangumi amemmeza, akapendekeza Injinia.

— Nyangumi hatutaeleweka. Jumbe atauliza kaburi liko wapi. Afe homa.

— Homa? Nahodha mzima afe homa kama karani? Mpe heshima yake, angalau wimbi limwangukie.

Wakabishana mpaka dele la kahawa likawa nusu. Mimi nilisema jambo hili litatutokea puani, na ninyi mnaosikia leo ni mashahidi kwamba nilisema. Lakini mwisho Selemani aliinuka, akajipangusa suruali, akaenda kwa jumbe kumuua shemeji yake. Alikuwa anatembea kama mtu anayepeleka ng'ombe wake mwenyewe machinjioni.

Alirudi upesi, ana jasho.

— Ametoa ruhusa? Wakili akauliza.

— Ametoa. Wote wanne.

— Si nilisema!

— Ngoja. Amesema Mbwana alikuwa mtu mwema, kwamba siku ya harusi alimpa nazi. Amesema hawezi kumwacha azikwe na wageni. Anakuja na yeye.

— Jumbe anakuja visiwani?

— Anakuja na wake zake. Na ametuma tarishi apige mbiu mlimani.

Injinia akaanza kuhesabu kwa vidole watu wanaoweza kuingia chomboni, akaacha. Nami nikamuuliza Selemani: — Mama yako umemwambia kwamba ni uongo?

Kutoka juu mteremkoni tulisikia sauti ya mama yake. Alikuwa analia kilio kile cha wanawake wetu, kinachoanzia tumboni, akimwita mkwewe kwa jina la mjukuu wa kwanza, maana jina la mkwe halitajwi, na wanawake wenzake wanaitikia. Selemani akatimua mbio kupanda mlima. Tarishi wa jumbe alikuwa amemtangulia.

Na watu wa mlima wetu nawajua. Mahali penye msiba hawaji mikono mitupu. Hata nusu ya asubuhi haijaisha, mbele ya benchi palikuwa na mikungu ya ndizi, kuni, vikapu vya mahindi, na mbuzi mmoja. Dorkasi wa kwaya ya Walutheri alileta wanakwaya wote, Waislamu wakaja na shehe wao, kila mtu na mzigo kichwani, kila mtu anauliza gari la kushuka Mombo linakuja saa ngapi.

— Wanakwenda wote? Wakili akaninong'oneza.

— Wote. Kwani ulidhani mkwe wa Wasambaa anazikwa na watu wanne?

— Waambie ukweli, Ndimu.

— Nimwambie nani? Wewe ndiye wakili!

Wakati huo lori la kupanda likaingia kutoka Mombo, likafunguliwa boneti, likaanza kufuka. Akashuka mtu mmoja mrefu, mgeni kwetu sote wa benchi, ana kikoi na koti, mkononi ana kapu la nazi na mtungo wa samaki wakavu. Akatazama huku na huku, akaona benchi letu ndilo lenye kahawa, akaja.

— Asalaam aleikum. Shikamoo mzee, akamwamkia Mzee Dele.

— Marahaba, mwanangu. Kaa.

Akakaa baina yangu na Wakili. Akapewa kikombe. Akaona mizigo, akaona wanawake wamejifunga kanga viunoni, akavua kofia.

— Poleni sana, ndugu zangu. Nani aliyetutoka?

— Mtu wa Pangani, akasema Wakili kwa huzuni nzuri kabisa. Nahodha mmoja.

— Nahodha? Mimi natoka Pangani. Manahodha wote nawajua. Jina lake?

— Mbwana Kombo.

Yule mgeni akakitua kikombe chini taratibu.

— Amekufa?

— Juzi.

— Amekufa na nini?

— Homa, akasema Wakili.

— Wimbi, akasema Injinia palepale.

— Wimbi lilimkuta na homa, akasema Mzee Dele.

— Na nyangumi alikuwa karibu, Injinia akaongeza, maana hakupenda nyangumi wake apotee bure.

Mgeni akatutazama mmoja mmoja. Alianza kujipapasa kifuani, kisha mkono, kama mtu anayetafuta ufunguo.

— Alikuwa mtu wa namna gani?

Kwetu maiti haisemwi vibaya, na hapo tulikuwa na deni. Wakili akasema hakuna mkarimu kama yeye. Injinia akasema alikuwa akiijua bahari kuliko samaki wanaoichimba. Mimi, Mungu anisamehe, nikasema alikuwa anampenda mkewe, na kwamba alitaka kuwatembeza marafiki wa shemeji yake bila faida yoyote, na mtu wa namna hiyo hazaliwi kila siku. Nilisema hivyo nikajikuta machozi yananilenga kweli.

— Ahsanteni, akasema mgeni. — Sikujua kama mnanipenda hivi. Nilituma salamu tangu juma lililopita, nikaona kimya, nikasema nije kuwachukua mwenyewe.

Kikombe cha Wakili kikaanguka. Injinia akajishika kichwa kwa mikono miwili. Mzee Dele alimgusa mgeni begani kwa kidole, akaona ni nyama, akasema: — Subhana!

Kabla hatujapata la kusema, watu wakapisha njia. Selemani alikuwa anashuka, amemshika mama yake mkono; kumbe hakuthubutu kumwambia. Mama Zuhura alikuwa amevaa nguo zake za safari, amefunga mzigo wa maharage kichwani, macho yamevimba. Alipomwona mkwewe amekaa benchini na kikombe cha kahawa, hakupiga kelele wala hakuzimia. Kwetu mama hatazamani uso kwa uso na mume wa bintiye, awe hai au amekufa. Alijifunika kanga usoni upesi, akageuka pembeni.

Mbwana naye akaruka akageukia upande wa pili, kapu la nazi likamwagika.

— Shikamoo mama, akasema, anautazama ukuta.

— Marahaba, mkwe, akajibu mama kutoka ndani ya kanga. — Alhamdulillahi. U mzima.

— Mimi mzima, mama. Zuhura mzima. Watoto wazima.

Hapo umati ukalipuka. Wengine wakacheka, wengine wakamshukuru Mungu, wanakwaya wakadai kuimba kwa kuwa walishafanya mazoezi. Jumbe akapita katikati, amevaa kanzu ya msibani, hasira zimemjaa. Akamshika Selemani shati. Mimi nikaanza kusogea nyuma ya Injinia, na Injinia akaanza kusogea nyuma yangu.

— Kumbe hakuna msiba! akasema jumbe. Basi hakuna ruhusa! Kila mtu achukue ndizi zake. Kesho alfajiri nawataka nyote wanne kwenye matuta, na mtachimba na ya wenzenu. Mama, na wewe rudi nyumbani. Mkweo mzima, mwanao mzima, hakuna la kwenda kufanya huko.

Lori la kushuka lilikuwa limefika, linanguruma. Selemani alikuwa analia waziwazi, mtu mzima, shati lake limo mkononi mwa jumbe. Mama hakusogea. Aliutua mzigo wa maharage chini, akafunua kanga upande wa jumbe tu, ili mkwewe asimwone.

— Jumbe, mwanangu, akasema. Nimekusikia. Basi nifahamishe. Mimi na Zuhura, ili tuonane, unataka afe nani?

Jumbe akafungua mdomo, akamtazama Wakili. Wakili akainamia vipande vya kikombe. Shehe alikuwa anatazama miguu yake. Nami ninayeitwa Ndimu, ambaye sijawahi kukosa la kujibu, nikainama kuokota nazi za mgeni.

Jumbe akaliachia shati la Selemani.

Sisi watatu tuliobaki na matuta tulimpandisha mama mbele kwa dereva, Selemani pembeni yake na yale maharage. Nahodha akapanda juu kabisa, akakaa kwenye magunia ya viazi, asije akamkaribia mkwewe.