Kijani cha Baba

Kwenye treni, binti mmoja mwenye haya alijificha nyuma ya kitabu, masikio akayaacha wazi. Mbele yake kijana alikuwa amepakata mlango mwekundu wa gari la kale la spoti, la Kiingereza, akimlalamikia mama fundi rangi aliyekaa kando yake.

"Baba anataka nilirudishie gari lake kijani chake. Nimekwangua pembeni hadi bati, kila tabaka ni jekundu."

"Basi macho yake hayatofautishi rangi hizo mbili. Paka nyekundu, mwanangu, ataona kijani."

"Si nitakuwa nimemdanganya?"

"Mama yako anasemaje?"

"Kijani."

"Naye haoni tofauti?"

"Anaona vizuri sana. Ila amemwitikia hivyo miaka arobaini."

Treni ikasimama. Binti akakunja miguu kumpisha kijana na mlango wake.

"Kijani kizuri, kaka," akasema.