Nilivyorudi Kwenye Maji ya Moto

Assalaam alaykum, ndugu zangu! Kabla ya neno lolote, alhamdulillahi, na tena alhamdulillahi, mpaka wino uishe. Anayewaandikia ni Mwanakhamisi, mzaliwa wa kisiwa cha Ngumi, mkazi wa Kismayo, mhitimu wa shule ya usiku ya akina mama. Nilifaulu kwa alama ambazo mwalimu alizitazama kama ameona jini! Basi maneno yakiwa mengi msishangae. Nimekaa kimya muda mrefu.

Nilikuwa mama wa kucheka. Nikicheka sokoni hapa, watu wa Burgao walidhani meli imepiga honi. Mwanangu Zuhura, mtoto wangu wa pekee, alikirithi kicheko hicho chote. Aliolewa kule kule Ngumi, na mimba yake ya kwanza ilipokaribia kutimu akaja kwangu, kama ilivyo ada yetu, mtoto wa kwanza azaliwe kwa bibi yake.

Nilijiandaa kama wa harusi! Mzazi kwetu hukandwa kwa maji ya moto mpaka arobaini yake ipite, na mkandaji nilikuwa mimi. Uchungu ulipomshika, wifi yangu Halima alimpeleka hospitali. Mimi nikabaki nyumbani nichemshe chungu kikubwa cha maji na majani ya mwarobaini. Nilichochea moto, mtaa mzima ukadhani napika pilau ya mji.

Halima alirudi na mtoto wa kike kifuani. Nyuma yake gari likamleta Zuhura. Damu ilikataa kusimama.

Waosha maiti walipofika waliuliza, "Maji yapo?"

Yalikuwepo, ndugu zangu. Yalikuwa yale yale. Niliyachanganya na ya baridi, nikayapima kwa kiwiko, kama yapimwavyo maji ya mtoto mchanga, yasimuunguze. Kisha nikaingia nikamwosha mwanangu pamoja nao. Kilio kiliponipanda, waliniambia kwa upole, "Nyamaza, mama. Subiri." Nikanyamaza. Lo, nilinyamaza vibaya! Hata chozi ambalo hakuna aliyelikataza, nalo lilikauka.

Tangu siku hiyo sikuweza kuona mvuke. Jiko nililitoa nje ya nyumba, chai nikanywa baridi. Mgongo ukakaza, magoti yakagoma, nikawa nasali juu ya kiti, na sijda ikawa ya kuinamisha kichwa tu. Mjukuu wangu, Nuru, alilelewa na Halima, ua mmoja nami. Nikisikia maji yake yakimiminwa kwenye beseni, natoka mpaka barabarani.

Halima hana haya. Siku moja alinisimamia mlangoni, mikono kiunoni.

"Wifi, umekakamaa kama samaki wa ng'onda! Mjukuu unampungia mkono tu kama abiria. Mchu gani wewe?"

"Mchu wa kufa," nikamjibu kwa Kibajuni chake, yaani mtu wa kufa.

"Basi kabla hujafa, vaa buibui, twende kwa Naima."

Naima ni binti wa Kibajuni aliyekulia Mombasa. Huko alijifunza kufundisha yoga, akarudi akafungua chumba cha wanawake peke yao. Kaka yangu, mume wa Halima, alinuna akatufuata hadi mlangoni. "Yoga ni ibada za watu," akasema. Naima akamwambia, "Mjomba, hapa hakuna sanamu wala nyimbo. Ni bismillahi, viungo na pumzi." Akaondoka akigunaguna.

Madarasa yalikuwa ya namna namna. La moto lilikuwa adhuhuri: madirisha yamefungwa chini ya paa la bati, chungu kinafuka juu ya jiko pembeni, wanawake wanatoka mkao mmoja kuingia mwingine kwa kasi ya pumzi. Joto la kuivisha samaki bila sufuria! Watu wa Kismayo kufunga madirisha watafute joto! Hapo nilitabasamu, mara ya kwanza tangu msiba. La vuguvugu lilikuwa na jiko lile lile, ila bila haraka. Na la baridi lilikuwa asubuhi, madirisha wazi, upepo wa bahari unapita, unakaa mkao mmoja juu ya mito mpaka kiungo kikubali chenyewe. Nikachagua la baridi. Jiko niliposikia habari zake tu niligeuza uso.

Alhamdulillahi, mabega yalifunguka. Magoti yakapiga chini. Lakini kipaji cha uso kilikataa kufika sakafuni. Naima aliniwekea mto, akauongeza mwingine. Nikikaribia, nainuka.

"Mama, ni mwili unaokataa au ni moyo?" akaniuliza.

"Wamekula njama," nikasema.

Ramadhani ilipokwisha saa za madarasa zikabadilishwa, nami sikuwa na habari. Nikaja asubuhi yangu, nikasukuma mlango, nikakutana na mvuke usoni. Na wanawake walikuwa na mafua, kwa hiyo Naima alikuwa ametia chunguni majani. Ya mwarobaini! Ndugu zangu, nikaushika mlango. Sikuona chumba tena, niliona ua wangu na chungu changu na mwanangu chini ya shuka.

Naima aliuacha mlango wazi. "Ukitaka kutoka, toka, mama. Ukitaka kukaa, kaa hivyo hivyo."

Nikakaa. Nikainama. Kichwa kikaenda chini bila mto, kipaji kikagusa mkeka, na hapo nikalia. Nililia kwa sauti niliyokuwa nikichekea! Wanawake waliendelea kuvuta pumzi na kuishusha, pole pole. Hakuna aliyeniambia ninyamaze. Halima, aliyenifuata kwa kuchelewa, aliingia akanikuta hivyo. Akachovya kitambaa katika maji yale ya chunguni, akakikamua, akaniwekea mgongoni. Akachovya tena. Akanikanda kiuno, mabega, miguu, kama mzazi.

Mwanangu hakukandwa. Nilikandwa mimi.

Siku ile ile nilirudisha jiko ndani. Nikapasha maji, nikayapima kwa kiwiko. Kiwiko kilikumbuka, nikamwita Mola wangu kwa majina yake yote niliyojaliwa kuyajua. Kisha nikamwita Halima alete mtoto. Nilimwosha Nuru. Alipiga maji mateke akacheka, na kicheko hicho nakijua kilikotoka. Baada ya hapo nikatandika msala sakafuni, kiti nikakiweka nje.

Sisemi msiba umeondoka. Upo, nakula nao na kulala nao, na chungu kikichemka bado namwona Zuhura. Lakini Mwenyezi Mungu aliyeuacha mlango ule wazi hakuniacha nitoke.

Basi mtegemeeni Yeye, ndugu zangu, hata mahali mnapopaogopa kuliko pote. Na kama yupo mama kule Kudha, Ngumi au hapa mjini aliyezika mwanawe na chozi lake likakaza mgongoni, aje kwangu. Mimi sitamwambia anyamaze. Nitampashia maji.