Orrin Havlik, Aliyelipiga Msasa Gongo la Kaka Yake

Ndugu, jamaa na marafiki mliofika, mimi ni Milo Sedlak, shemeji wa marehemu, kaka wa mjane wake Darlene, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya Orrin Havlik, nitayasoma kama yalivyokuwa, pamoja na lile ambalo baadhi yenu mmekuwa mkilinong'ona tangu mlipoegesha magari hapo nje.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1943, katika shamba la mahindi nje ya mji huu wa Cedar Rapids, jimbo la Iowa, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Anton na Blanche Havlik, nyuma ya kaka yake Lyle, ambaye Orrin alimfuata kila mahali akimbebea glavu na magongo ya besiboli.

Alisoma shule ya msingi kijijini kwao, akahitimu sekondari hapa mjini Mei 1961, mwaka huohuo akaajiriwa kiwanda cha nyama, wakati Lyle ameshachukuliwa kucheza mpira wa kulipwa, ambako alipanda hadi ligi kuu kwa msimu mmoja, na tarehe 2 Septemba 1964 akafariki kwa ajali ya gari akirudi nyumbani. Mama yao aliletewa sanduku la nguo na gongo lililopasuka mpini.

Tarehe 12 Juni 1965 Orrin alifunga ndoa na dada yangu, wakajaliwa watoto wawili, Connie mwaka 1967 na Todd mwaka 1970, na Aprili 1979 akaacha kiwanda, akafungua duka la magongo ya zamani yaliyotumika mechini, nami nikawa mshirika wake. Kwa wasioijua biashara yetu, thamani ya gongo la namna hiyo ni uchafu wake, utomvu wa msonobari alioupaka mchezaji lisimteleze, alama za mpira kwenye mti, jasho la viganja, na ukilifuta umelimaliza. Orrin alifukuza watu dukani kwa kushika kitambaa tu. Gongo la Lyle lilikaa ukutani juu ya kaunta, haliuzwi, na aliyeuliza bei aliambiwa aulize bei ya ukuta.

Mwaka 2019 madaktari walimkuta na maradhi ya kupoteza kumbukumbu. Asubuhi ya tarehe 17 Aprili 2021 Darlene alimkuta gereji, amelipiga msasa gongo la Lyle hadi likawa jeupe, ameziba ufa kwa gundi, analipaka vanishi huku anapiga mluzi.

"Usiguse, mke wangu, bado bichi," akamwambia. "Lyle ana mechi kesho, aende na lile bovu?"

Dada yangu aliingia jikoni, akafungulia maji ili asisikike akilia.

Ndipo maneno yakaanza, kwamba Havlik amefuta ushahidi, kwamba gongo lilikuwa la uongo tangu mwanzo. Nasema mbele ya jeneza lake, mtu huyu hakumdanganya mteja hata mmoja, alisahau kwamba kaka yake amekufa, basi, na aliyesema vingine nimemwona alipoketi, na abaki ameketi.

Hali yake ilidhoofu kuanzia Agosti mwaka huu, akafariki nyumbani alfajiri ya Jumamosi, tarehe 14 Oktoba 2023, mkono wake ukiwa mkononi mwa Darlene, akiwa na umri wa miaka 80, ameacha mjane, watoto wawili na wajukuu watano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, inawashukuru majirani waliomrudisha kila alipopotea na ndala zake, na katika wafanyabiashara wenzetu inamshukuru Duane Ruzek, mshindani wetu wa miaka mingi, ambaye hakuwahi kulisifia duka letu kitu chochote. Mwezi uliopita alikuja kumjulia hali, Orrin akampa gongo lile alikague. Duane akavaa miwani, akalizungusha kwenye mwanga, akapitisha kidole palipokuwa na ufa, wala hakuharakisha.

"Safi, Havlik," akasema. "Hili halijapiga hata mpira mmoja."

Orrin akacheka, mara ya mwisho sisi kumsikia akicheka, akamjibu, "Subiri kesho, mzee."

Shemeji yangu, pumzika kwa amani.