Mikuyu Iliyo Juu ya Chemchemi

Inueni nyuso zenu, enyi uzao wa tumbo langu. Sadoki, Ruti, nanyi wajukuu mlio mlangoni, nyamazeni kama mnavyonyamaza kanisani Neno linaposomwa, kwa maana pumzi yangu mimi Loisi imekuwa fupi, na sitasema mara mbili.

Shamba hili la Mbozi baba yenu aliliacha mikononi mwangu, nami nawakabidhi: kahawa ya juu pamoja na chemchemi ni yako, Sadoki, kahawa ya bondeni ni yako, Ruti. Lakini maji hayajui mirathi. Huchimbuka kwa kaka yakanywewa kwa dada, na anayeyakausha juu amemzika wa chini.

Jana niliwasikia jikoni. "Mama anaipenda mikuyu kuliko watoto wake, nani atanunua mkuyu sokoni Tunduma?" ulisema, Sadoki. Ruti akakujibu, "Haya, kaka, pesa ya nguzo za mikaratusi ndiyo utakayomwagilia kahawa?" Mlicheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa miche ya mikaratusi umekwisha kuipanda ukingoni mwa chemchemi, na shoka la kuikata mikuyu umelinoa.

Sikiliza, mwanangu. Mungu hakuumba kitu kikae peke yake. Jiwe la chemchemi halina pumzi, ukungu hauna, wala udongo mwekundu hauna. Lakini mkuyu huushika udongo, udongo huishika mvua, jiwe huichuja, na kivulini nyuki hukaa, hao wanaoyazuru maua ya kahawa yako. Uangushe mkuyu, na jua litaupasua udongo, mvua itaubeba hadi mtoni, nyuki watahama bila kuaga. Mmemwona jirani yetu Mbonile: mikaratusi ilinenepa bondeni kwake kwa kuyanywa maji yake yote, akasifiwa, leo anauza nguzo na kuomba maji kwetu. Msimcheke, mpeni. Adamu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza, wala hakuachiwa achague nusu ya agizo.

Mnizike kando ya baba yenu, bila makuu. Bwana awanyeshee kwa majira yake, kahawa yenu ichanue, msigeuziane migongo.

Ruti, nipe maji... Ya baridi. Yametoka pale.

Sadoki, sikuachii laana; nakuachia mlango wazi. Geuka, mwanangu. Weka shoka chini, nenda sasa hivi ukaing'oe miche ile kwa mkono wako mwenyewe, uniletee mmoja, na mizizi yake... niushike... kabla sijalala.