Mkono wa Mwalimu Albano

Waombolezaji wenzetu, mlioko chini ya turubai na nyie mliobaki juani kwa kuwa viti havikutosha, familia inaomba masikio yenu.

Marehemu Mwalimu Albano Venance Chilumba alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 huko Kitangari, wilayani Newala, mtoto wa pili wa mzee Venance, mchonga vinyago, na mama Margareta, akasoma shule ya msingi hapohapo kijijini kuanzia 1979 hadi 1985, ambako alichapwa zaidi kwa kuchora nyuma ya madaftari kuliko kwa kosa jingine lolote, akaendelea na sekondari mjini Mtwara hadi 1989, na mwaka 1994 akahitimu ualimu wa sanaa Butimba, Mwanza, huku baba yake akinung'unika kwamba mwanawe kaacha mti mzima kafuata karatasi.

Tarehe 3 Julai 1995 alianza kufundisha kidato cha kwanza na cha pili hapa Mbagala, na kwa karibu miaka thelathini, kila mitihani ilipokaribia na vipindi vyake kupewa Hisabati, aliwafundisha wanafunzi koridoni, chini ya ngazi, na mara moja stoo ya majembe, akirudia amri ileile, wachore wanachokiona, wasichore wanachokijua.

Tarehe 18 Septemba 1999 alifunga ndoa na Demetria, akiwa kachelewa kanisani dakika arobaini na ana rangi ya kijani sikioni, wakajaliwa watoto wawili, Editha, 2001, na Venance, 2005.

Tarehe 6 Februari 2024 alipatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukapooza na vidole vikajikunja, watu wakaanza kumsemesha taratibu kama mtoto mchanga, na hilo ndilo lililomtisha kuliko kifo, kwamba ualimu wake umekwisha na kilichobaki ni kuonewa huruma. Mwezi Mei alirudi darasani, akaketi mbele ya kidato cha pili, akauweka ule mkono juu ya meza, akawaambia wauchore. Wanafunzi arobaini na watatu, kwa heshima na mapenzi, wakachora mkono mzuri ulionyooka, wengine wakaushikisha chaki, mmoja akauvalisha saa. Aliwapa sifuri wote.

Binti mmoja, Raudha, akasimama akauliza, "Mwalimu, tukiuchora ulivyo hatutakuumiza?"

Akamjibu, "Mmeshaniumiza, mwanangu. Huyu mliyemchora simjui."

Raudha akachora upya, kidole kwa kidole, hadi ukucha wa gumba tuliosahau kuukata, na marehemu akaandika mia kwa mkono wa kushoto, maandishi yamepinda, akalia mbele ya darasa bila kujificha, kisha akaendelea na kipindi, na vipindi vingine hadi kiharusi cha pili kilipomlaza, akafariki tarehe 9 Oktoba 2025, saa tatu asubuhi.

Historia hii imeandikwa mara mbili. Ya kwanza, aliyoiandika mdogo wake Fredrick, ilikuwa na marehemu mpole, mwenye kuwahi, asiyegombana na mtu, na mjane aliisikiliza hadi mwisho, akaikunja, akairudisha. "Shemeji," alisema, "huyu simjui." Basi na isemwe kwamba alikuwa na hasira za karibu, akifungwa drafti hasalimii mtu siku mbili, na siku ya mahafali ya Editha alisahau kufika kwa sababu alikuwa anachora ukuta wa shule, jambo ambalo Editha alimsamehe mwaka huu tu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, jirani yetu mama Mwanaasha aliyeleta uji kila asubuhi bila kuombwa, na walimu wenzake wote, wa Hisabati wakiwemo.

Juu ya jeneza, mahali pa picha, mtaukuta mchoro wa Raudha. Mkipita kuaga msiuonee huruma, utazameni tu, kama alivyotaka.

Lala kwa amani, Mwalimu. Tumekuona.