Besi ya Makufuli Mawili

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama uko jikoni, punguza moto kidogo. Kama uko kwenye taksi, mwombe dereva aongeze sauti. Leo tunamkumbuka Papa Vénérand, mpiga besi, lile gitaa la sauti nzito, aliyetutoka mwezi uliopita hapa Durban. Mpiga besi, narudia, kwa sababu wengi wenu mlimjua katika miaka ambayo hakuwa na besi mkononi. Mlimwona akipanda ngazi za ghorofa yake kule South Beach, lifti ikiwa imekufa tena, mkadhani ni mzee wa kawaida tu.

Besi ilikuwa huko huko juu, chumbani kwake, chini ya kitanda. Ilikaa hapo miaka sita, na kwa miaka sita hakuigusa.

Tuanzie mji wa Uvira, alikozaliwa. Kijana Vénérand hakuwa na hela ya kuingia ukumbini kusikiliza bendi ikifanya mazoezi. Basi alisimama nje, kiganja ukutani. Gitaa dogo halipiti ukutani, wasikilizaji. Besi inapita. Alijifunza nyimbo nzima kwa kiganja kabla hajashika hata uzi mmoja. Mkewe, Mama Estella, anacheka akisimulia: "Wanaume wengine walikuja na maneno mengi. Ule alikuja na vidole tu. Na vidole havisemake bongo, havidanganye mutu."

Walipofika Durban, yeye alipata kazi ya kuhesabu mizigo kwenye ghala la Clairwood. Mama Estella akaanza kusuka nywele nyumbani. Jumapili waliimba katika Kwaya Mapambazuko, kule Glenwood. Kwaya ile ilichanga, kila mtu alichoweza, ikanunua besi ya umeme. Besi nyeupe, ya zamani, yenye laka, ile rangi ya kupaka mbao, inayong'aa hadi unaona meno yako. Papa Vénérand ndiye aliyeipiga.

Halafu kwaya ikapasuka. Ilipasuka kwa nini? Wengine watakwambia ni kitenge cha sare. Wengine watakwambia ni uongozi. Mkiwauliza leo wanatazamana. Lakini siku ile hawakutazamana, walirushiana viti. Nusu ilibaki Glenwood chini ya Alain. Nusu ilihamia ukumbi wa Clairwood, katikati ya malori, chini ya Mama Iteka. Na kila nusu ikajiita Mapambazuko. Jua moja, asubuhi mbili!

Vyombo viligawanywa. Ngoma huku, kinanda kule. Besi haigawanyiki. Ndipo likatoka wazo, na siku ile kila mtu aliliona la busara. Besi iingie kwenye sanduku lake gumu. Sanduku lipigwe makufuli mawili, moja la Alain, moja la Mama Iteka. Hakuna atakayefungua bila mwenzake. Na sanduku likae kwa mtu ambaye pande zote zinamwamini. Mtu huyo alikuwa Papa Vénérand. Akaapa mbele ya wote: hataifungua, hatampa mtu, mpaka wapatane.

Aliifunga haraka, huku watu wakimpigia kelele kichwani. Mkanda wa kuvalia begani, ule wa plastiki laini, akauacha umejikunja juu ya besi. Kufuli la kwanza likabana. Kufuli la pili likabana. Akili ikamrudia akiwa tayari kwenye ngazi na sanduku mkononi.

Maana yeye alijua. Laka ya zamani haikauki ikaisha. Inapumua. Ukiilaza gizani ndani ya sanduku lililotandikwa kitambaa cha manyoya, katika joto la Durban na unyevu wa bahari, inalainika taratibu kama peremende iliyosahaulika mfukoni. Manyoya yanazama ndani yake. Na mkanda wa plastiki ni mbaya zaidi: unatoa mafuta yake, unaila laka mpaka kwenye mti.

Mwaka wa pili harufu ikaanza. Harufu kali, yenye utamu kwa mbali, kutoka chini ya kitanda. Mama Estella alidhani ni panya amekufa. Mumewe akamwambia, "Hapana. Ni besi iko inaoza."

"Sasa ita watu wafungue!"

"Nikiita Alain kwanza, Iteka atasema nimenunuliwa. Nikiita Iteka kwanza, Alain atasema vile vile. Niliapa, Estella."

Hata hivyo alijaribu. Alimwita Alain, Alain akajibu, "Iteka aje kwanza, mimi nitafuata." Alimwita Mama Iteka, naye akasema, "Papa, vraiment, kweli kabisa, ule mutu anatafuta mulango wa kuiba." Akawaeleza habari ya laka. Wote wawili wakamwona anatunga. Besi haijaguswa na mtu, iko sandukuni, itaharibikaje? Hivyo ndivyo walivyomjibu, wasikilizaji, mtu na mwenzake, bila kujua kwamba wamesema neno moja.

Papa Vénérand akawa analala juu ya harufu ile. Mama Estella anasema aliacha hata kugeuka usiku, kana kwamba kuna mgonjwa chini yake.

Mwaka huu moyo wake ukaanza kumsumbua. Daktari alimweleza wazi kwamba hana muda mrefu. Hakulia. Alirudi nyumbani, akaketi kitandani, akamwambia mkewe jambo moja. "Mimi nikikufa na hii sanduku iko hapa, vita itakuja kwa nyumba yako. Batagombana juu ya kichwa chako, na mimi bado sijazikwa."

Hapo ndipo hofu yake ilipokuwa. Hakuogopa kufa kama alivyoogopa matanga yake mwenyewe.

Akaenda Clairwood kwa marafiki zake wa malori, akaazima mkasi mkubwa wa kukatia minyororo. Kisha akawatumia ujumbe Alain na Mama Iteka, maneno yale yale kwa wote wawili: "Kesho saa nne asubuhi ninakata kufuli moja. Sisemi ya nani. Mwenye hataki yake ikatwe, akuje na ufunguo."

Mnaona ujanja wa mzee? Ukikaa nyumbani, huenda ni kufuli lako linalokatwa. Na la mwenzako litabaki peke yake, na besi itakuwa yake.

Walifika kabla ya saa nne, wote wawili, wakipumua kwa ngazi. Sanduku lilikuwa mezani, pale Mama Estella anaposukia wateja. Mkasi ulikuwa kando. Kila mmoja akatoa ufunguo wake.

Ufunguo wa Mama Iteka ulizunguka mara moja, ta! Ufunguo wa Alain ukakataa. Chumvi ya bahari ilikuwa imeshakula kufuli lake. Alain akasukuma, akatikisa, jasho likamtoka.

Mama Iteka akasema, "Mungu mwenyewe anaonyesha nani iko na roho chafu."

"Sema tena!" Alain akageuka. "Sema tena, mama, nikusikie vizuri!"

Mkono wake ulikuwa tayari juu ya ule mkasi. Papa Vénérand akaweka kiganja chake juu ya mkono huo, akaubana. Mama Estella ndiye aliyeleta chupa ya mafuta ya nywele, akatia matone ndani ya kufuli. Wakangoja. Hakuna aliyekaa. Alain akajaribu tena, na kufuli likaachia.

Kifuniko kilipofunguka, Mama Iteka alirudi nyuma, mkono puani. Besi haikuwa nyeupe tena. Ilikuwa njano, yenye malengelenge. Mkanda ulikuwa umezama kifuani mwake, umeacha jeraha jeusi. Manyoya ya sanduku yalikuwa yameota pembeni kote.

"Eish," Alain alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtoto. Akashika shingo ya besi ili aivute.

"Acha!"

Mama Estella anasema katika ndoa yao yote hakuwahi kumsikia mumewe akipaza sauti namna hiyo. Besi ilikuwa imegandana na sanduku. Ukiivuta kwa nguvu, ngozi yote inabaki chini.

"Alain, shika shingo, nyanyua kidogo tu. Iteka, kandamiza sanduku. Kama mmoja wenu anaachilia, imeisha."

Mzee akachukua uzi mgumu wa kusukia nywele. Akaupitisha chini ya besi, ncha moja mkono huu, ncha nyingine mkono ule, akaanza kuuvuta polepole, huku na huku, kati ya laka na manyoya. Unasikika ukikata. Watu wawili ambao miaka sita hawakupeana mkono, sasa vichwa vyao karibu vigusane. Alain akichoka, besi inashuka, Mama Iteka anamwambia kwa ukali, "Nyanyua!" Naye ananyanyua. Papa Vénérand alisimama mara mbili kushika kifua chake. Mama Estella alimwomba aache. Akakataa kwa kichwa.

Mwisho ikatoka. Kutoka mgongoni mwake, kipande cha rangi cha ukubwa wa sahani kilibaki sandukuni. Mti ulikuwa wazi.

Papa Vénérand akaigeuza wote waone. Akasema, "Hakuna mutu aliigusa. Munaona? Hakuna hata mumoja. Na angalia."

Mama Iteka alilia. Alain alitazama dirishani. Hapakuwa na kukumbatiana, wasikilizaji wapendwa, nisiwadanganye. Walipatana jambo moja tu: besi itundikwe ukutani kwa Mama Estella, bila sanduku, Jumapili moja iende Glenwood, Jumapili nyingine Clairwood. Papa Vénérand alipiga kwa pande zote mbili. Alipiga kwa wiki chache tu. Kisha moyo ukasimama.

Kwenye matanga, ukumbi ulijaa, na besi ilikuwa imeletwa, imetundikwa ukutani. Glenwood upande huu, Clairwood upande ule. Mama Estella aliketi katikati akingoja vita. Badala yake Alain na Mama Iteka wakaja pamoja, kwa adabu kubwa. Walikuwa wameshaongea. Wameshapatana kabisa! Walitaka kumheshimu Papa. Watanunua sanduku jipya, zuri, imara. Besi iwekwe ndani, isipigwe tena na mtu mwingine, iwe kumbukumbu yake. Na funguo, mmoja kwa Alain, mmoja kwa Mama Iteka.

Mama Estella akainuka, akaitoa besi ukutani, akamwekea Mama Iteka mikononi, lile jeraha jeusi juu.

"Bwana yangu alitoa nguvu yake ya mwisho kuitoa kwa kaburi," akasema. "Leo munataka kuirudisha? Hapana. Pigeni. Ikwaruzwe, ianguke, imwagikiwe fanta. Kama itaharibika, iharibike kwa mikono ya batu."

Jumapili iliyopita besi ilikuwa Clairwood. Jumapili hii iko Glenwood. Kwaya bado ni mbili, na labda zitabaki mbili.

Kwako Mama Estella, na kwa ukoo wote hapa Durban na kule Uvira, tunasema poleni sana. Mungu awashike mkono. Nawe unayenisikiliza, ambaye moyoni mwako kuna mtu umemfungia, ukisema hakuna ubaya, simgusi, hanigusi: leo usiku mpigie simu. Usingoje yeye aje kwanza.